Vidoa vya Shack-Hartmann vinaruka hata hewa ikiwa imetulia, ni noizi ya kamera au ni mimi?

kijana_wa_lenzi:
Wakuu habari, naomba msaada kwenye projekti ya mwaka wa mwisho. Nimefunga sensa ya Shack-Hartmann mezani (ile inayopima wimbi la mwanga limepindaje kwa kuangalia vidoa vimehama kiasi gani): leza ndogo, sahani ya vilenzi, nyuma kamera ya CMOS ya bei poa. Mwanga ukiwa mwingi mambo fresh kabisa, ila nikiweka filta ili niigize nyota hafifu, zinabaki kama fotoni 100 kwa kila kidoa kwa picha moja, basi sentroidi (yaani katikati ya kila kidoa) zinaruka karibu pikseli nzima na hakuna kinachotikisika, hadi feni nimezima. Nikikokotoa uso wa wimbi napata milima na mabonde ambayo haipo, ningekuwa na kioo cha kujikunja cha kusahihisha wimbi si kingekuwa kinanyoosha uongo tu? Dirisha, yaani eneo ninalokokotolea kila kidoa, ni pikseli 10 kwa 10, noizi ya kusoma (ile kamera inayoongeza yenyewe ikisoma pikseli) elektroni 3, na 3 naona ni ndogo jamani.

Mzee_Darubini:
Ndogo kwa pikseli moja mkuu, ila wewe unazo 100 kwenye dirisha. Na sentroidi inazidisha kila pikseli kwa umbali wake toka katikati, kwa hiyo ile ya pembeni isiyo na mwanga wowote noizi yake inazidishwa mara 4.5, ni kama katoto kepesi kakikaa mwisho kabisa wa bembea ya ubao, kanamnyanyua mtu mzima aliyekaa karibu na katikati. Nimekupigia hesabu: kwa dirisha lako noizi ya kusoma peke yake inaleta kosa la pikseli 0.86 hivi. Kata liwe 4 kwa 4, inashuka hadi 0.13. Noizi ya fotoni zenyewe, kama sigma (kipimo cha upana) ya kidoa ni pikseli 1, ni 0.1, na hiyo hata ununue kamera ya mamilioni huikwepi.

pikseli_mbovu:
Ila ukikata dirisha na kidoa kikahama sana kinatoka nje, lifanye dirisha likifuate kidoa. Swali, ukishapunguza picha ya giza (ile ya kamera ikiwa imefunikwa) zile namba hasi unazifanyaje?

kijana_wa_lenzi:
Naziweka sifuri, si mwanga hauwezi kuwa hasi?

pikseli_mbovu:
Hapo ndo umejichoma. Noizi ina juu na chini, ukifuta ya chini inabaki ya juu tupu, dirisha zima linapata ukungu wa uongo na ukungu huo unavuta sentroidi kuelekea katikati, mteremko wa wimbi unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Ziache hasi zako.

Nyota_7:
Si atafute tu EMCCD, ile kamera ya mwanga hafifu, yaishe? SPHERE, kifaa cha darubini kubwa kule Paranal, Chile, wanatumia hiyo, pikseli 240 kwa 240 kwa vilenzi 40 kwa 40.

Mzee_Darubini:
Bei yake unaijua lakini? Halafu ile inazidisha elektroni kabla ya kusoma, sawa, noizi ya kusoma inashuka chini ya elektroni 1, ila kuzidisha kwenyewe kuna bahati nasibu yake, ni kama umepoteza nusu ya fotoni. Ona pia hesabu yako Nyota, 240 gawa 40 ni pikseli 6 tu kwa kila kilenzi, hao nao wanabana dirisha.

kijana_wa_lenzi:
Nimerudi wakuu. Dirisha 4 kwa 4 linalofuata kidoa, hasi nimeziacha, mruko umeshuka hadi kama 0.2. Kimebaki kidoa kimoja cha pembeni kinang'ang'ania kushoto, nimefunika kamera kabisa na bado pikseli moja pale inawaka.