Kereng'ende asiye na jina: nianzie wapi kueleza mwili wake?

Hondohondo_Mabira

Wakubwa, salaam. Mimi naongoza wageni msituni Mabira hapa Uganda, upande wa Najjembe. Nimezaliwa kwenye kambi ya wachuma chai, kwa hiyo Kiswahili changu kina makabila sita ndani yake, mnivumilie.

Kazi yangu ni ndege. Lakini mwezi uliopita nilimpeleka mtafiti mmoja kwenye kijito, akanasa kereng'ende, wale wembamba wanaofunga mabawa mgongoni wakitua. Akamgeuza, akamtazama kwa lenzi, akanyamaza mpaka nikadhani ameumwa na siafu. Halafu akasema huyu hamjui, huenda hajapewa jina bado. Ameniachia wavu na kazi: nikimpata mwingine, nimwandikie maelezo ya mwili wake, kwa lugha yoyote ninayoiweza.

Nikapata madume watatu. Nikamwandikia hivi: "Mdogo. Kichwa bluu. Mkia mrefu mweusi, bluu mwishoni. Mabawa kama kioo." Akanijibu kwa mstari mmoja: "Hapo umenieleza nusu ya kereng'ende wa Afrika."

Nimeumia kidogo, sifichi. Ndege nikikwambia ana tumbo jekundu na mdomo wa njano, umeshamjua. Huyu mdudu mzima ana urefu wa njiti ya kiberiti, unene wake ni wa uzi wa kushonea viatu. Nianzie wapi?

Jambo la pili nalisema kwa aibu. Sikuwa na dawa ya kuhifadhia, nikawatia kwenye chupa ya waragi, ile pombe kali ya kwetu. Siku ya nne bluu yote imekwisha, wamekuwa rangi ya chai ya rangi. Niwatupe?

Mtu wa Busia

Kaka, mimi sikatishi mtu tamaa, lakini kila mgeni akija msituni hakosi "kitu kipya". Huyo si ni yuleyule wa kila mtaro, ila wako kazaliwa na madoa tofauti? Hata ng'ombe wa zizi moja hawafanani.

Mama Sindano

Hondohondo mwanangu, usitupe kitu. Nimeshinda na masanduku ya wadudu hapa Entebbe tangu kabla sijaolewa, na nimeletewa wadudu kwenye chupa za dawa ya kikohozi, kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), mmoja ndani ya kitabu cha nyimbo akiwa amebanwa kama ua. Wa waragi si wa kwanza. Rangi imekwenda, hilo halirudi, na kwa kazi ya vinasaba waragi ni dhaifu mno. Lakini umbo lipo, na kwa hawa wembamba umbo ndilo linalotoa ushahidi.

Kosa lako ni kwamba ulianza na rangi, kama mtu wa ndege. Rangi ya kereng'ende haitulii. Aliyetoka majini asubuhi ni mweupe-mweupe, mabawa yanang'aa kama mafuta, mwili laini. Baada ya siku kadhaa anapata rangi zake, na baadhi ya madume wakikomaa hutoka unga kama wa zabibu, bluu yote inageuka kijivu. Jike naye ana mambo yake. Ukifuata rangi utaandika spishi tatu, kumbe ni moja.

Anzia nyuma kabisa. Na tuelewane: huo unaouita mkia si mkia, ni tumbo. Utumbo wake unapita humo mpaka mwisho. Lina pingili kumi. Ya kwanza ni fupi na imejibana kwenye kifua, watu huiruka wakabaki na tisa, ndiyo maana mimi huhesabu kutoka nyuma kwenda mbele. Sasa niambie, "bluu mwishoni" ni pingili gani? Ya nane yote? Ya tisa yote, au mgongoni tu na ubavu mweusi? Hapo ndipo hiyo nusu ya Afrika inapoanza kupungua.

Kisha koleo. Dume ana jozi mbili za vitu kama koleo mwisho wa pingili ya kumi: mbili juu, mbili chini. Wale kereng'ende wakubwa wanaotandaza mabawa wana mbili juu, chini moja tu. Kwa koleo hizo dume humkamata jike. Wale wakubwa humshika kichwa. Hawa wako humshika shingo, yaani lile bamba dogo la kifua cha mbele nyuma tu ya kichwa. Basi bamba la jike na koleo la dume hukaa kama sufuria na kifuniko chake. Ndiyo sababu spishi mbili zinaweza kufanana rangi kama pacha, ila koleo zikakataa. Zitazame mara tatu: kutoka ubavuni, kutoka juu, na kutoka nyuma kana kwamba mdudu anakukimbia. Andika ndefu kiasi gani ukilinganisha na pingili ya kumi, ncha ikoje, kuna jino ndani au hakuna. Chora. Mchoro mbaya wa kalamu unanisaidia kuliko picha nzuri ya simu.

Ukimaliza hapo nenda pingili ya pili, upande wa chini. Dume ana kiungo cha pili cha uzazi huko, mbali kabisa na pale mbegu zinapotokea, ambapo ni pingili ya tisa. Huzihamisha mwenyewe kabla ya kupandana. Na si kumimina tu: mwaka 1979 Mmarekani Jonathan Waage alionyesha kwamba dume wa aina moja ya hawa wembamba hutumia kiungo hicho kukwangua kwanza mbegu za dume aliyetangulia. Nilipoelezwa hilo mara ya kwanza nilicheka ofisini peke yangu. Umbo la kiungo hicho nalo huingia kwenye maelezo, lakini kulichora kunataka hadubini, mwachie mtafiti wako.

Bawa halitakusumbua sana. Tafuta kifundo kwenye ukingo wa mbele, pale bawa linapoonekana kama limevunjwa likaungwa. Hesabu mishipa midogo ya kukatiza kutoka kifundo mpaka lile doa la karibu na ncha. Rangi ya doa, na limefunika vyumba vingapi, yaani vile vijidirisha kati ya mishipa. Pima bawa la nyuma kwa milimita. Yatosha.

Macho: yako mbali, kama ncha mbili za nyundo? Kuna madoa ya rangi nyuma yake? Yana umbo gani, na yameunganishwa na mstari?

Safari ijayo achana na waragi. Mpige picha akiwa hai, kivulini, na rula pembeni. Mwache saa kadhaa atoe uchafu tumboni. Kisha bahasha ya karatasi, mabawa yamefungwa mgongoni, tumbo limenyooka, halafu bahasha yote ndani ya asetoni kwa usiku mmoja. Asetoni hufyonza maji na mafuta, rangi inabaki sehemu kubwa. Fanyia nje, mbali na sigiri, inashika moto upesi sana. Juu ya bahasha andika mahali, tarehe na jina lako kwa penseli. Wino utaoga na asetoni.

Na uulize karatasi za ruhusa. Mabira ni hifadhi ya NFA, mamlaka ya taifa ya misitu, na utafiti unahitaji kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Wavu aliokuachia hauwi kibali.

Mtu wa Busia, shaka yako naipenda, ila ng'ombe wa zizi moja hawatofautiani mifupa. Mwaka 2015 watafiti Dijkstra, Kipping na Mézière walitoa kwa mpigo spishi 60 mpya za kereng'ende wa Afrika. Mmoja, wa Gabon, walimwita *Umma gumma*. Kwa hiyo vipya vipo. Ila mdudu hapati jina kwa sababu mtu amesema hamjui. Tangu mwaka 2000 sheria za majina ya wanyama zinadai uteue wazi kielelezo cha jina, kwa kawaida mdudu mmoja mahususi anayeitwa holotaipu, na useme amehifadhiwa wapi. Wa waragi hafai sana kukaa kiti hicho, nisamehe.

Mtu wa Busia

Mama, kwa hiyo kufuta mbegu za mwenzako ni sayansi. Leo nimesoma.

Hondohondo_Mabira

Mama Sindano, asante sana. Kuhusu kibali, mtafiti amenitumia nakala, jina langu limo kama msaidizi. Nimeichapisha, iko kwenye mfuko.

Lenzi sina, nimetumia darubini ya ndege nikiigeuza: jicho kwenye tundu kubwa, mdudu karibu na tundu dogo. Inakuza vizuri kuliko nilivyodhani. Nilikaa mlangoni toka saa nne mpaka mke wangu akaja kuuliza kama nalala.

Hiki ndicho nilichoandika, wote watatu wale wa waragi:

Koleo la juu ni fupi kuliko pingili ya kumi, kama robo tatu yake. Kutoka ubavuni ncha imepasuka mara mbili, kama mdomo wa kifaranga mwenye kiu; mdomo wa juu umezidi wa chini. Kutoka juu koleo mbili zinaachana, hazigusani hata kidogo. Upande wa ndani, karibu na shina, kuna jino moja jeusi linalotazama chini. Koleo la chini ni nene shinani, halafu linapinda juu kama kidole kinachomwita mtu. Bawa la nyuma milimita 21, 21 na 22. Doa la bawa limefunika chumba kimoja. Kifundo mpaka doa: mishipa 11, mmoja ana 12 bawa la kushoto.

Wa tatu koleo lake la kushoto halipo. Nilimbana na kibanio cha nyusi cha mke wangu, likaruka. Nimelitafuta sakafuni kwa tochi ya simu, watoto wakanisaidia, tukapata mguu wa nzi.

Nimemtumia mtafiti na michoro. Jibu la safari hii lilikuwa maneno mawili: "Jike yuko?"

Jike sina. Jana saa sita nilimwona mmoja, dume kamshika shingo, wametua wawili kwenye jani juu ya maji, mwili wake wa kahawia bila bluu yoyote. Nilirusha wavu nikapata jani. Alhamisi narudi na bahasha na penseli. Asetoni nimeipata kwa mwenye saluni Lugazi, ameniuliza nani anaolewa.

Mama Sindano

Hiyo ya saluni isome kwanza chupani. Ikiwa imetiwa rangi ya waridi na manukato, mrudishie.