Kamiki za Wainuit: mshono hauvuji kwa nini, na soli iliyokakamaa inatengenezeka?

Kobazi_Asilia:
Wakuu, kamiki, zile buti za ngozi ya sili (mnyama wa bahari za baridi) za Wainuit, wenyeji wa Aktiki, hazina gundi wala mpira, lakini maji hayapiti kwenye mshono. Siri iko wapi? Na iliyolowa ikakaushiwa kwenye hita hadi soli ikawa kama ubao, bado inafaa?

SindanoNaKano:
Siri ni kina cha sindano, mkuu. Vipande viwili hupandanishwa ukingoni. Mstari wa kwanza, sindano inatoboa kipande kimoja chote lakini inanasa nusu tu ya unene wa kile kingine. Unageuza, unashona mstari wa pili vivyo hivyo upande wa pili. Hakuna tundu linalotoka nje moja kwa moja hadi ndani. Uzi wa asili ni kano ya mgongo wa karibuu, yaani kulungu wa Aktiki, iliyokaushwa na kuchanwa nyuzinyuzi. Ikilowa huvimba na kuziba tundu. Siku hizi wengi hutumia uzi wa kusafishia meno wenye nta (msicheke, ni imara kweli), ila huo hauvimbi, kwa hiyo kaza mishono iwe karibu karibu. Sindano ya makali matatu iache: inakata ngozi badala ya kuipenya.

Pagumu ni vidoleni. Soli ya sili mkubwa mwenye ndevu hukatwa pana kuliko unyayo ili kingo zipande juu, halafu hukunjwa marinda madogo mbele na kisiginoni. Rinda likiwa kubwa au likiyumba, mshono unaacha mwanya, na maji huanzia hapo. Zamani wanawake waliyabana kwa meno.

Baridi_Kavu:
Soli iliyokakamaa inarudi kama haijapasuka. Ilainishe kwa kitambaa chenye unyevu, usiichovye, kisha ikunjekunje kwa mikono au uisugue kwenye ukingo butu wa mbao hadi ilegee. Imalizie kwa mafuta kidogo. Ikishaonyesha nyufa kwenye marinda, badilisha soli tu, juu pabaki.

Kukausha: toa soksi ya ndani, tundika vyote mbali na moto. Na kabla ya kuingia ndani pigapiga theluji itoke, maana ikiyeyukia kwenye manyoya ndipo balaa linapoanza.

SindanoNaKano:
Naongeza: kamiki za ngozi ya sili iliyonyolewa manyoya ni za majimaji ya masika, theluji inapoyeyuka; zile za ngozi ya miguu ya karibuu, yenye manyoya, ni za baridi kavu. Ukizichanganya misimu, utalaumu fundi bure. Lami yenye chumvi ya mjini haifai kwa zote mbili.

Kobazi_Asilia:
Shukrani. Nikizinunua Kanada, naweza kupita nazo Marekani?

Baridi_Kavu:
Za sili usijaribu. Sheria yao ya mwaka 1972 ya kulinda mamalia wa baharini inazuia kuziingiza, hata kama ni zawadi.