Divai iliyobaki kwenye chupa: njia ipi inaitunza vizuri?

Nusu_Chupa: Wakuu, chupa ya divai nyekundu ya ml 750 ikinyweka nusu, inayobaki itunzweje? Wapo wanaosema nyekundu haiingii friji, wengine wanasifia pampu ya kunyonya hewa. Na shampeni je, kijiko mdomoni mwa chupa kinasaidia?

Kizibo: Mkuu, adui ni oksijeni, na joto ndilo linaloiharakisha. Harufu ya matunda hufifia, rangi huelekea kahawia, na pombe huanza kugeuka asetaldehaidi, inayonuka kama tufaha lililopondeka. Bakteria wa siki nao wanahitaji hewa hiyohiyo. Kwa hiyo weka friji hata nyekundu, kisha itoe nusu saa hadi saa moja kabla ya kunywa.

Njia inayoshinda vifaa vingi vya kununua ni chupa ndogo ya ml 375 yenye kifuniko cha kuzungusha. Ioshe kwa maji moto, ikauke, isibaki na harufu ya sabuni. Ukishafungua divai, ijaze hiyo kwanza, kabla hata ya glasi ya kwanza. Iinamishe, mimina polepole divai iteremke ubavuni bila kutoa mapovu, ijae hadi karibu na kifuniko, funga. Hapo wiki nzima inapita bila shida. Ukingoja mlo uishe, divai imeshaingiwa na hewa na kuihamisha kunaizidishia.

Mzee wa Stoo: Pampu hupunguza hewa, haiimalizi, na kizibo chake cha mpira huachia taratibu. Gesi ya agoni ni bora: ni nzito kuliko hewa na haiathiri divai. Ingiza mrija, puliza kidogo, ziba mara moja. Chupa isimame wima na isitikiswe. Ukiilaza, eneo la divai linaloguswa na hewa linakuwa kubwa zaidi.

Povu: Kijiko hakina kazi yoyote, ubaridi ndio unaosaidia, maana gesi hubaki ndani ya kinywaji baridi. Tumia kizibo chenye mabawa yanayobana chini ya ukingo wa mdomo wa chupa. Cha kuchomeka tu kinaweza kuruka. Pampu usiiguse hapa, itanyonya gesi unayotaka ibaki. Tegemea siku 1 hadi 3.

Nusu_Chupa: Na kama nimeziba tu nikaweka friji, bila chupa ndogo?

Kizibo: Nyeupe na nyekundu nzito, siku 3 hadi 5. Nyekundu nyepesi kama Pinot Noir huwahi kuchoka, siku 2 au 3. Divai zilizoongezwa pombe kali hudumu zaidi: Port nyingi huvuka wiki mbili, Madeira miezi. Iliyopoa ladha igandishe kwenye trei ya barafu, utaitumia kwenye mchuzi. Ila ikishanuka siki au gundi, usiipikie; ukiichemsha ikapungua, ukali huo unabaki chunguni.