Je, shingo nzima ya gitaa la besi inaweza kuwa ya mpingo?

SeremalaMoro

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni seremala wa samani hapa Morogoro, na mpiga besi wa kwaya yetu ameniomba nimtengenezee gitaa la umeme la nyuzi nne linalolingana na mwili wake, kwa kuwa ni mfupi na magitaa ya dukani humlazimu kunyoosha mkono wa kushoto hadi bega linamuuma. Ninazo mbao za mninga zilizokauka vizuri, pamoja na kipande kirefu cha mpingo ambacho ningependa kiwe shingo nzima, maana najua ugumu wake. Je, hilo linafaa? Naomba pia kuelekezwa namna ya kupanga freti, yaani vile vyuma vyembamba vya shingoni vinavyotenganisha noti.

FundiNyuzi

Ndugu Seremala, mpingo ndio mti unaotengenezewa klarineti, na ni mzito kiasi cha kuzama majini. Ukiufanya shingo nzima, gitaa litaelemea upande wa kichwa na mpigaji atalazimika kulishikilia kwa mkono uleule anaopaswa kuchezea. Mpingo mrefu ulionyooka ni adimu, kwa hiyo usiupoteze: pasua ubao mwembamba wa milimita 6 hivi, uwe uso wa shingo unaobeba freti. Shingo yenyewe iunge kwa vipande vitatu vya mninga, cha kati kikiwa kimegeuzwa, ili kimoja kikitaka kupinda vingine vikizuie.

Kuhusu freti, besi ya kawaida ina urefu wa milimita 864 kutoka kizingiti cha kichwani hadi kwenye daraja, yaani sehemu mbili zinazobeba nyuzi huku na huku, kipimo kilichoenea kupitia gitaa la besi la Fender Precision la mwaka 1951. Kwa mteja wako ningechagua milimita 762. Gawanya urefu huo kwa 17.817 upate nafasi ya freti ya kwanza, yaani milimita 42.77, kisha gawanya urefu uliobaki kwa namba hiyohiyo, na uendelee hivyo. Freti ya 12 lazima iangukie milimita 381, nusu kamili. Unapochora mistari, pima kila freti kuanzia kizingitini, kwani ukipima kutoka freti moja hadi nyingine, makosa madogo yatajumlishana na noti za juu zitapotoka.

BesiYaPwani

Nakubaliana na hesabu, lakini kwa shingo ningependelea mti wa mkongo, ambao ni mgumu kuliko mninga. Mninga uache kwa kiwiliwili, ambako wepesi wake una faida. Hata hivyo, mbao yoyote utakayochagua, usiache kuweka ndani ya shingo fimbo ya chuma ya kurekebishia mpindo wake, kwa sababu nyuzi za besi huivuta shingo kwa nguvu ya makumi ya kilo saa zote. Nunua fimbo inayorekebisha pande zote mbili, kwani mfereji wake huchimbwa ukiwa umenyooka, ilhali ile ya upande mmoja kwa kawaida huhitaji mfereji uliopinda. Wapo wanaobishana usiku kucha kuhusu sauti ya mti huu na ule. Katika gitaa la umeme, mimi naona nyuzi na sumaku za kunasia sauti zina uzito zaidi.

SeremalaMoro

Nashukuru sana, wakuu. Nitatumia mkongo shingoni. Je, gundi ya mbao ya kawaida itaushika mpingo?

FundiNyuzi

Mpingo una mafuta, hivyo gundi ya kawaida huweza kuachia. Ufute kwa asetoni muda mfupi kabla ya kugundisha, na utumie gundi ya epoksi. Vaa barakoa unapoupiga msasa, kwa sababu vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Tena, refusha pembe ya juu ya kiwiliwili hadi ifikie usawa wa freti ya 12, kwa kuwa hapo ndipo mkanda wa begani utakapofungwa na gitaa kutulia. Nyuzi nazo uziagize zile za besi fupi, kwani zile ndefu zikikatwa pale sehemu nene inapozungukia kigingi cha kukazia nyuzi, zinaweza kufumuka.