Mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani umeuzwa, na aliyeuzwa hakuulizwa

Wanajamvi, salaam.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na naomba nisiambiwe nitulie kabla sijamaliza. Kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa nikitazama vyuo vya Marekani vikihama konferensi kama wapangaji wanaokimbia kodi, na kila mara tunapewa maelezo yale yale: hali ya soko imebadilika, chuo kinalinda mustakabali wake, wanamichezo watanufaika. Ninachodai mimi ni kitu kimoja tu. Maamuzi haya yote, yanayoamua timu za mpira wa kikapu zicheze na nani, wapi na saa ngapi, hufanywa na watu wanaotazama mchezo mwingine kabisa, yaani futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai.

Kwa wasiofuatilia, nieleze kwa ufupi. Vyuo vya Marekani havichezi ligi moja ya taifa, bali vimejigawa katika makundi yanayoitwa konferensi, na kila konferensi ina ratiba yake, bingwa wake na mkataba wake wa televisheni. Mabingwa wa konferensi huingia moja kwa moja katika mashindano ya mwezi Machi ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, yaliyokuwa na timu 68 mwaka 2025, na nafasi zinazobaki hugawiwa na kamati. Zamani konferensi ilikuwa ni ujirani: timu zilisafiri kwa basi, mashabiki wakafuata, na watani wa jadi wakakutana mara mbili kila msimu, nyumbani na ugenini. Ujirani huo ndio uliouzwa.

Wengi wetu huku tuliijua konferensi ya Big East kwa sababu ya kijana wetu Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, aliyechezea chuo cha Connecticut kuanzia 2006 hadi 2009 kabla ya kuchaguliwa wa pili katika drafti, yaani uteuzi wa wachezaji wapya, ya NBA. Wakubwa zaidi walikuwa wameijua tangu enzi za Dikembe Mutombo wa Kinshasa, alipokuwa chuo cha Georgetown, nacho cha Big East, chini ya kocha John Thompson. Kwa hiyo mtu asiniulize mambo ya Wamarekani yananihusu nini. Usiku wa Machi 12, 2009, katika robo fainali ya Big East kwenye ukumbi wa Madison Square Garden, Connecticut ya Thabeet na Syracuse walicheza vipindi sita vya nyongeza, na Syracuse wakashinda kwa 127 dhidi ya 117. Mechi iliisha saa saba na dakika 22 usiku kwa saa za New York. Kwetu jua lilikwisha kuchomoza zamani, ilikuwa saa mbili na dakika 22 asubuhi, nami nilichelewa kazini kwa ajili ya mechi ambayo sikuwa hata nikiitazama, bali nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta nikisubiri namba zibadilike. Bosi wangu wa wakati ule hakunielewa, na simlaumu.

Miaka minne baadaye timu hizo mbili hazikuwa tena katika konferensi moja.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, kwa sababu Big East haikufa kwa kukosa wachezaji wala mashabiki. Ilianzishwa mwaka 1979 na Dave Gavitt, kocha wa Providence, akiwa na vyuo saba vya kaskazini mashariki vilivyoungana kwa sababu ya mpira wa kikapu na si kwa kitu kingine. Mwaka 1985, timu tatu kati ya nne zilizofika nusu fainali ya taifa zilitoka humo, na Villanova wakawafunga Georgetown 66 kwa 64 katika fainali. Mwaka 2009, timu tatu kati ya nne zilizopangwa namba moja, kila moja katika kanda yake, kwenye mashindano ya NCAA zilikuwa za Big East. Mwaka 2011 timu 11 kati ya 16 za konferensi hiyo ziliingia NCAA, na Connecticut, wakiongozwa na Kemba Walker, walishinda mechi tano kwa siku tano katika mashindano ya konferensi kisha wakachukua ubingwa wa taifa. Septemba ya mwaka huo huo, wakati kombe lile bado halijapata vumbi, Syracuse na Pittsburgh wakatangaza kuhamia konferensi ya ACC. Niambieni ni mchezo gani mwingine duniani ambao ligi huvunjwa ikiwa kileleni.

Sababu ni kwamba ndani ya nyumba ile walikuwemo watu wa aina mbili. Wapo waliokuwa na timu kubwa za futiboli, na wapo, kama Georgetown, St. John's, Villanova na Providence, ambao kwao kikapu ndicho chakula cha kila siku. Wa kundi la kwanza walipoona kwamba fedha za televisheni zinafuata futiboli, wakaanza kuchungulia dirishani. Miami na Virginia Tech waliondoka 2004, Boston College 2005, West Virginia 2012. Ili kuziba mapengo, viongozi wa Big East wakaialika hadi TCU ya Texas, chuo ambacho kilikubali mwaka 2010 na kuondoka mwaka 2011 kwenda konferensi ya Big 12 bila kucheza mechi hata moja. Mtu ameposa, amekubaliwa, kisha amekwenda kuoa nyumba ya jirani kabla ubani haujazimika. Mwaka 2013 vyuo saba vya Kikatoliki vilijitenga, vikaondoka na jina la Big East, na Connecticut wakabaki katika konferensi mpya iliyoitwa American, wakicheza na Tulane, Tulsa na East Carolina, vyuo ambavyo shabiki wa Hartford, mji mkuu wa jimbo la Connecticut, hana ugomvi navyo wala habari navyo.

Najua kuna mtu atakayeniandikia hapa chini kwamba Connecticut walichukua ubingwa wa taifa mwaka 2014 wakiwa humo humo. Ni kweli, na walifanya hivyo na wachezaji walioandaliwa Big East. Baada ya hapo, katika misimu ya 2016-17, 2017-18 na 2018-19, walipoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda, jambo la aibu kwa chuo cha hadhi hiyo. Sisemi konferensi ndiyo sababu pekee, maana na ukocha ulikuwa na matatizo yake. Ila mwaka 2020 walilipa dola milioni 17 ili waruhusiwe kuondoka, wakarudi Big East, timu yao ya futiboli wakaiacha ijitegemee bila konferensi, na mwaka 2023 na 2024 wakawa mabingwa wa taifa mara mbili mfululizo.

Tuje magharibi. Pac-12, konferensi ya upande wa Pasifiki ambayo mizizi yake ilianza mwaka 1915, ilivunjwa ndani ya takriban miezi 14. Juni 30, 2022, UCLA na USC, vyuo vya Los Angeles, walitangaza kuhamia Big Ten, konferensi yenye asili ya katikati ya Marekani, ambayo Agosti mwaka huo ilitia saini mikataba ya televisheni ya zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka saba. Kiangazi cha 2023 Colorado, Arizona, Arizona State na Utah wakaelekea Big 12, Oregon na Washington wakawafuata UCLA, na Septemba 1 Stanford na chuo cha California (kile cha Berkeley) wakakubaliwa katika ACC. Ninyi mliosoma jiografia mnajua herufi A katika ACC inasimamia nini: Atlantiki. Vyuo viwili vinavyopakana na Ghuba ya San Francisco, kwenye bahari ya Pasifiki, sasa ni wanachama wa Konferensi ya Pwani ya Atlantiki, tena kwa kupunjwa, kwa kuwa walikubali kupokea sehemu tu ya mgawo wa fedha. SMU ya Dallas, walioingia nao, walikubali kukaa miaka tisa bila mgawo wa televisheni wa konferensi hiyo.

Sasa tazameni gharama inamwangukia nani. Timu ya futiboli hucheza mechi moja kwa wiki, kwa kawaida Jumamosi, na safari zake za konferensi ni nne au tano kwa msimu mzima. Timu ya kikapu ya Big Ten ina mechi 20 za konferensi, nyingine katikati ya wiki, wakati wanafunzi wanatakiwa kuwa darasani. Kutoka Los Angeles hadi New Jersey, waliko Rutgers wa Big Ten hiyo hiyo, ni takriban kilomita 3,900, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Muscat, na saa zinatofautiana kwa tatu. Mick Cronin, kocha wa UCLA, alilalamika waziwazi kuhusu safari hizo katika msimu wa kwanza tu. Vijana wake si wao waliotia saini mkataba wa televisheni, lakini ndio wanaolala kwenye ndege. Na wanawake vivyo hivyo. Mwaka 2021 fainali ya taifa ya wanawake ilikuwa ya ndugu wawili wa Pac-12, Stanford wakiwashinda Arizona 54 kwa 53. Ligi iliyotoa fainali hiyo ilisambaratika, na timu hizo mbili ziko katika konferensi mbili tofauti.

Kuna kituko ambacho lazima nikitaje ingawa kinanitoa kidogo njiani. UCLA na California ni vyuo vya mfumo mmoja wa umma, na wakuu wa mfumo huo waliona aibu jinsi ndugu mmoja alivyomwacha mwenzake, hivyo mwaka 2024 wakaiamuru UCLA iilipe California dola milioni 10 kwa mwaka kwa miaka mitatu. Yaani ni matunzo ya mtalaka, kwa talaka ambayo mtoa talaka aliitoa ili apate fedha.

Waliobaki Pac-12 mwaka 2024 walikuwa Oregon State na Washington State. Mwaka 2024 Washington State walimaliza wa pili katika msimu wa mwisho kabla konferensi ile haijasambaratika, wakaingia NCAA kwa mara ya kwanza tangu 2008 na wakashinda mechi. Walikuwa wamefanya kila kitu ambacho chuo kidogo huambiwa kifanye. Malipo yao yakawa kwamba kocha wao akachukuliwa na Stanford, na wao wenyewe wakaenda kukaa kama wapangaji katika konferensi ya West Coast.

Konferensi zinapovimba, hata milango ya ndani hufungwa. Mwaka 2024 NC State waliingia mashindano ya ACC wakiwa wa 10 kati ya timu 15, wakashinda mechi tano kwa siku tano, wakatwaa ubingwa, wakaendelea hadi nusu fainali ya taifa. Hiyo ndiyo ladha ya Machi: aliyeboronga msimu mzima bado ana wiki moja ya kujitetea. Mwaka uliofuata ACC ilikuwa na timu 18, na waliokubaliwa kwenye mashindano hayo walikuwa 15 tu. NC State, mabingwa watetezi, walibaki nyumbani. Walicheza vibaya mwaka huo, sikatai, lakini timu inayocheza vibaya ndiyo hasa ambayo mashindano yale yaliwekwa kwa ajili yake. Na ukubwa huo haukuleta hata ubora, kwa maana kati ya timu hizo 18 ni nne tu zilizoingia NCAA mwaka 2025.

Mtanitajia SEC, konferensi ya kusini, ambayo ikiwa na Texas na Oklahoma ilipeleka timu 14 kati ya 16 mwaka huo huo, ikavunja rekodi, na Florida wakachukua ubingwa. Nawapa haki yao. Angalau SEC imebaki kusini.

Nirudi kwa Connecticut, kwa sababu wao ndio wanaoniuma zaidi. Hawa ndio waliokwenda ugenini miaka saba, wakapigwa, wakalipa dola milioni 17 ili warudi nyumbani, na wakaonyesha kwa makombe mawili kwamba kikapu kinaweza kujilisha chenyewe kikiachwa miongoni mwa jirani zake. Mwaka 2024, miezi michache baada ya kombe la pili, wakuu wa chuo hicho hicho walikuwa mezani wakizungumza na Big 12, konferensi ambayo kwa upande mmoja inafika Arizona. Septemba mazungumzo yakasitishwa. Kilichokwamisha, kwa taarifa zenu, hakikuwa kikapu. Ilikuwa ni timu yao ya futiboli, ambayo wenye Big 12 waliiona dhaifu.