Kuondoa sauti kwenye wimbo wetu wa kwaya tubaki na muziki mtupu: nimekwama

Mwalimu wa Sauti Nne (Dodoma)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa kwaya ya usharika. Mwaka 2008 tulirekodi albamu, na sasa usharika unaelekea jubilei. Wazee wa kanisa wameomba tuimbe ule wimbo uliobeba albamu. Mpiga kinanda aliyeupiga amehamia Mbeya. Studio tuliyorekodia ilifungwa zamani, na kompyuta ikauzwa pamoja na kazi zetu zote zilizokuwamo. Tulichobaki nacho ni CD. Nataka kutoa sauti za watu, tubaki na muziki tuimbie juu yake.

Nimefuata maelekezo ya mtandaoni: nimeingiza wimbo kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, nikatenganisha kushoto na kulia, nikageuza wimbi la upande mmoja, nikaunganisha kuwa mono, yaani njia moja ya sauti. Mwimbaji wetu wa solo kweli karibu hasikiki. Lakini bezi imeondoka, kiki ya ngoma imeondoka, na kwaya bado ipo, tena soprano na teno zinasikika kuliko mwanzo! Nini kinatokea? Na kuna njia nyingine kwa laptop ya kawaida, RAM GB 8, isiyo na kadi ya grafiki?

La pili: mwimbaji wetu wa solo umri umesogea, anaomba wimbo ushushwe kidogo. Nishushe kabla au baada?

Kijana wa Bando

Mwalimu, usihangaike kusakinisha chochote. Zipo tovuti kibao, unapandisha wimbo, unasubiri, unapakua biti, yaani muziki mtupu. Ila nyingi zina kikomo kwa wasiolipia, na faili unalopewa bure mara nyingi ni MP3.

Fundi wa Mitambo (Mwanza)

Mwalimu, shikamoo. Kilichokupata kina sababu. Ukigeuza wimbi la upande mmoja na kulijumlisha na la upande wa pili, kila kilicho sawasawa pande zote mbili kinajifuta. Programu hapo haijui sauti ya mtu ni ipi, inafuta tu kilicho katikati. Prodyuza huweka solo katikati, lakini bezi, kiki na sinea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) navyo huwekwa hapohapo, ndiyo maana vimeondoka pamoja. Kwaya yenu aliitawanya, wengine kushoto wengine kulia, kwa hiyo imebaki, na imejitokeza zaidi kwa sababu vilivyokuwa vinaifunika havipo. Ukipitisha huko wimbo wa zamani uliorekodiwa mono, unatoka kimya kabisa.

Njia hiyo iache. Siku hizi kazi hii inafanywa na modeli, yaani programu za akili bandia zilizofundishwa kutambua sauti. Deezer, kampuni ya muziki mtandaoni, walitoa modeli ya Spleeter bure mwaka 2019. Watafiti wa Facebook nao wakatoa Demucs, na toleo lake la 2022 ndilo ninalofanyia kazi zangu mpaka leo. Linagawa wimbo mafungu manne: ngoma, bezi, sauti za watu, na vinginevyo, ambako ndiko kinanda na gitaa hukaa. Kama hupendi kuandika amri, sakinisha Ultimate Vocal Remover. Ni bure, ina vitufe vya kubonyeza, na Demucs imo humo pamoja na modeli nyingine kama MDX-Net. Ni zito kupakua, lisubirie bando la usiku. Laptop yako itaweza, ila itakwenda polepole. Iache ifanye kazi, usifungue vitu vingine.

Chanzo ndicho nusu ya kazi. Usitumie MP3 iliyozunguka kwenye simu za wanakwaya. Chukua CD yenyewe, ifute vizuri, unakili wimbo kama WAV, faili lisilobana sauti, kwa kipimo kilekile cha CD. MP3 ya kilobiti 128 imeshatupa sehemu ya sauti, hasa kule juu kwenye matoazi na herufi "s", na modeli ikija kutenganisha inakuachia mlio wa majimaji.

Sasa hapa ndipo naomba uwe makini, maana kwaya ina taabu yake. Modeli hizi zimesikia zaidi nyimbo za Magharibi, mwimbaji mmoja mbele ya bendi. MUSDB18, mkusanyo unaotumika sana kuzifundisha na kuzipima, una nyimbo 150 tu. Kinanda cha kwaya zetu kina ile sauti ya "aaa", na ile ya nyuzi ndefu ambayo mpigaji anaishikilia chini ya kiitikio. Modeli inadhani ni watu! Inaibeba na kuitia kwenye fungu la sauti, na kiitikio chako kinabaki na ngoma na bezi tu. Kwa hiyo usisikilize biti peke yake. Fungua na faili la sauti, vaa hedifoni, usikilize kama kuna kinanda kimechukuliwa humo.

Ukikikuta, dawa imo ndani ya wimbo wenyewe. Biti nyingi za kwaya za miaka ile zilipangwa kwenye kinanda kwa kasi isiyoyumba. Tafuta mahali kinanda kinapiga kodi (noti zinazopigwa pamoja) zilezile za kiitikio bila mtu kuimba: utangulizi, au kile kipande cha muziki kati ya ubeti na ubeti. Kata baa nne, yaani vipimo vinne vya mapigo, na uzikate kwenye WAV halisi ya CD, si kwenye iliyochujwa, maana kipande hicho hakina sauti ya kuondoa na muziki wake ni mzima. Zibandike mahali pa kiitikio, usiziweke juu ya kilichopo, utasikia ngoma mbili. Kama ngoma za kiitikio zina mbwembwe zake unazozitaka, basi chukua fungu la "vinginevyo" la baa hizo tu, uliweke chini yake. Kwenye Audacity, ukishachagua kipande bonyeza Z kabla ya kukata, ili kingo ziangukie pale wimbi linapovuka sifuri. Bila hivyo utasikia "tik" kila kipande kinapoanza.

Kushusha ni baada. Tenganisha wimbo ukiwa kwenye ufunguo wake, kisha shusha bezi na vinginevyo kwa nusu toni au toni nzima. Ngoma usiziguse. Ngoma zikishushwa zinalegea na kiki inapoteza ule mgongano wake. Ziache kama zilivyo, halafu rudisha mafungu matatu pamoja.

Mwangwi wa waimbaji utabaki kidogo, hasa mwisho wa mistari. Usiufukuze mpaka ukaharibu matoazi. Kwaya nzima ikisimama kuimba juu yake, kwa mpangilio uleule, hausikiki.

Binti Kisauni (Mombasa)

Asante sana, kaka Fundi. Mimi najaribu nyimbo za taarab za kina bibi, harusi ya mdogo wangu yaja. Fidla inaondoka pamoja na mwimbaji kila mara. Na je, nikishapata muziki mtupu naweza kuuweka YouTube watu wauimbie?

Fundi wa Mitambo (Mwanza)

Dada, fidla ina tabia hiyo kwa sababu inateleza kati ya noti na noti kama koo la mtu, na kwenye taarab inamfuata mwimbaji hatua kwa hatua. Jaribu modeli mbili au tatu tofauti kwenye Ultimate Vocal Remover, na kila sehemu ya wimbo uchukue ile iliyoiacha fidla. Pale fidla inapojibu peke yake, mwimbaji akiwa amenyamaza, rudisha muziki wa asili wenyewe. Kwenye taarab majibu hayo ni mengi, utaokoa sehemu kubwa.

YouTube, hapana. Kuondoa sauti hakukupi umiliki. Muziki uliobaki bado ni rekodi ya mwenyewe, na YouTube wana Content ID ya kuitambua. Tafuta ruhusa ya wenye kazi, na kwenu Kenya KECOBO, bodi ya hakimiliki, ndio wa kuwauliza kuhusu hakimiliki. Wazee waliopiga fidla hizo wanastahili kuulizwa.

Mwalimu wa Sauti Nne (Dodoma)

Marahaba, mwanangu. Nimefanya kutoka kwenye CD. Bezi ipo, kiki ipo! Kinanda nimekikuta kwenye faili la sauti kama ulivyosema, kiitikio chote, na utangulizi ulikuwa na kodi zilezile. Nimeshusha toni moja, mama yetu wa solo ameimba mpaka mwisho bila kukaza shingo. Limebaki moja: kwenye CD wimbo unaishia kwa kufifia huku kwaya inarudia kiitikio. Kanisani siwezi kufifia, nataka usimame.

Fundi wa Mitambo (Mwanza)

Hongera, mwalimu. Sikiliza mwisho wa utangulizi, mara nyingi kuna pigo moja la ngoma, bezi na kinanda kabla ubeti haujaanza. Kama limeangukia kodi ya nyumbani, ile ambayo wimbo hutulia, likate, lipe sekunde mbili za kuisha lenyewe, libandike baada ya kiitikio cha mwisho. Wanakwaya wahesabu viitikio, wasije wakaendelea peke yao. Na ukimaliza, hifadhi WAV na mafungu yote manne kwenye flashi mbili, moja ikae kwako, nyingine kwa katibu wa kwaya.