Waliowahi kwenda kutazama ndege mabwawani na mabondeni huku Nyanda za Juu, tupeane uzoefu

Kwarara wa Mafinga
Wakuu, kamwene. Leo alfajiri kwarara wamepita juu ya paa langu wakipiga zile kelele zao, mwili ukanisisimka. Nimekumbuka siku niliyosimama magotini kwenye maji ya baridi pembeni ya bwawa la Ngwazi, darubini ya kuazima shingoni, namtazama sile-maua anatembea juu ya majani ya yungiyungi utadhani yuko sakafuni. Saa mbili nzima sikuhisi miguu. Mwenye kumbukumbu ya namna hiyo aweke hapa, nzuri na mbaya.

Dada wa Uyole
Kwarara! Jogoo wetu wa pili.

Mpunga Mbarali
Huku kwetu ndege hatuwatazami, tunawaamia. Nimekulia juu ya kichanja shambani, kopo na manati mkononi, tangu giza halijaisha. Kwelea wakikuwahi asubuhi moja tu, mnavuna makapi.

Dada wa Uyole
Kaka, pole kwa kwelea, lakini huyo ni mmoja. Yangeyange anayefuata jembe lako akila wadudu naye utamrushia jiwe?

Mpunga Mbarali
Dada, sijasema wote. Nimesema ambaye hajawahi kulala njaa kwa sababu ya ndege asinifundishe kuwapenda.

Mtoto wa Chimala
Jamani acheni hayo kidogo. Niliapa sitaisimulia tena hii, ila uzi huu umeniamsha.

Ilikuwa Desemba, tumepanda Hamsini na Saba kwa pikipiki. Wanaoijua ile barabara wanajua kwamba kona zote 57 unazihesabu kwa tumbo. Matamba tukalala, kesho yake tukaingia hifadhi ya Kitulo mimi, binamu yangu na askari wa hifadhi. Maua yamechanua kweli kweli, ndiyo maana wazee wanapaita Bustani ya Mungu. Mimi shida yangu ilikuwa mbayuwayu buluu. Nilikuwa nimesoma kwamba anakuja huku kuzaliana wakati wa mvua, halafu anarudi pande za Uganda na magharibi mwa Kenya. Nilimtaka kwa macho yangu.

Saa nne hivi ukungu ukashuka. Kule juu, mita 2,600, ukungu hauji polepole. Unageuka kumwambia mwenzako neno, humwoni. Askari akasema kila mtu asimame alipo. Mimi nikasikia mlio mdogo mbele yangu, nikapiga hatua tatu. Tatu tu. Ya nne nyasi zikaachia, nikatumbukia mpaka kiunoni, mguu wa kulia ukajipinda chini yangu na nikausikia ukilia kama kuni kavu.

Sasa sikilizeni. Wakati napiga kelele, kitu kikapita shavuni kwangu, cheusi, kikatoka shimoni. Akarudi. Akapita tena. Mkia mrefu kama nyuzi mbili. Kwenye mwanga ule hafifu ulikuwa unang'aa buluu. Niliyemtafuta nilikuwa nimesimama nyumbani kwake! Askari aliponifikia aliniambia hayo ni mashimo ya zamani ya muhanga, yule mnyama anayechimba ardhi, na mbayuwayu buluu anajenga kiota cha tope na nyasi ukutani humo ndani. Nililia, na sikulia kwa ajili ya mguu peke yake.

Walinibeba wao wawili, kwa muda wa saa tatu, kwenye koti lililofungwa kwa miti miwili. Mvua ya mawe ikatukuta njiani. Kuteremka kona 57 na mguu uliovunjika sitaki kuelezea.

Kwarara wa Mafinga
Nimesimama kusoma. Pole sana ndugu yangu.

Mama Wawili Njombe
Mungu wangu. Na kiota? Kilipona?

Fimbo ya Mzee
Ndiyo maana nasema fimbo. Si darubini, si kamera, fimbo. Chokoa mbele kabla hujakanyaga. Sisi tuliochunga ng'ombe mabondeni hakuna asiyejua.

Bodaboda Tukuyu
Gambuti ndugu zangu. Za kufika magotini.

Fimbo ya Mzee
Gambuti likijaa maji kwenye tope unaliacha humo na soksi juu. Kunja suruali, vua viatu, mguu wenyewe utakwambia pameshiba maji au pamekauka.

Bodaboda Tukuyu
Mzee, peku Kitulo? Kuna asubuhi nyasi zinalala na barafu.

Fimbo ya Mzee
Barafu ni Juni na Julai. Wakati huo mbayuwayu wenyewe hayupo, unakwenda kufanya nini?

Dada wa Uyole
Mimi nakwenda saa kumi na mbili kamili, kabla upepo haujaanza. Ndege wanakula wakati huo.

Bodaboda Tukuyu
Na mimi nasema subiri ukungu uondoke, tena umesoma kisa hapo juu.

Mpunga Mbarali
Nirudi kwa dada. Nilipokuwa darasa la tano baba alinichukua mpaka kingo za Ihefu, lile eneo la majimaji la Usangu. Tulikuta korongo taji wawili wanacheza, wanarukaruka na kuinamiana, baba akanikataza hata kukohoa. Jioni wakapaa wakatua mtini, baba akasema katika makorongo wote ni hawa wenye taji tu wanaoweza kulala juu ya mti. Tangu 1993 mto Ruaha Mkuu unakauka kiangazi huko chini, na kila mtu anamnyooshea kidole mkulima wa mpunga. Maji nayahitaji. Yule korongo nampenda. Vyote viwili ni kweli, usinichagulie kimoja.

Dada wa Uyole
Nimekuelewa kaka. Nisamehe.

Mgeni Iringa
Kiingilio kikoje kwa sisi wa nyumbani?

Kwarara wa Mafinga
Beba kitambulisho cha taifa, ulipe kama Mtanzania. Na koti zito, hata kama Chimala unatoka jasho.

Mama Wawili Njombe
Mtoto wa Chimala, nakuuliza tena, kiota?

Mtoto wa Chimala
Samahani mama, nilikuwa naandaa jibu na mkono unakuwa mzito. Yule askari alirudi peke yake baada ya wiki, akachungulia kwa mbali. Upande mmoja wa shimo ulikuwa umebomoka. Upande wa pili kiota kilikuwa kimeshikilia, na mama alikuwa anaingia na wadudu mdomoni. Alinipigia simu nikiwa na plasta mguuni. Simu ile bado naikumbuka, hata dakika.

Bodaboda Tukuyu
Gambuti namba 45 zinapatikana wapi? Mwanjelwa nimezunguka nimekosa.